Hoteli nafuu ugenini ukiwa kwenye kiti cha magurudumu: uliza sentimita

Hoteli ikikujibu kwamba wageni wa viti vya magurudumu wanakaribishwa, bado haijakujibu. Karibu kila hoteli hujibu hivyo, na wala haidanganyi. Kampala au Chennai, jibu hilo huweza kumaanisha kwamba wapo vijana wanne wa kukubeba wewe na kiti chako kupanda ngazi za mlangoni, na kukushusha tena kila unapotoka. London humaanisha mlango mkuu hauna ngazi, basi. Ukikwama bafuni saa sita usiku, usitegemee mtu wa mapokezi akuinue. Mara nyingi mwajiri wake amemkataza kuinua wageni kwa kuogopa ajali na kesi. Sisi wa Nairobi tumezoea mikono ya watu: makanga anashika nyuma, abiria anashika mbele, safari inaendelea. Mazoea hayo hutugharimu tukivuka mpaka, kwa sababu yanatufanya tulipie chumba kwanza na kuuliza baadaye.

Maswali yenyewe yana aibu yake. Kumwandikia mtu usiyemjua ukimuuliza kimo cha choo chake na upande utakaohamia ukitoka kwenye kiti si jambo la raha, na ukifika kwenye hoteli ya tano unaanza kuona heri ulale nyumbani. Lakini aibu ya barua pepe huisha kwa dakika moja. Kuoga kwa kitambaa siku nne mfululizo, kwa sababu bafu lina kizingiti, ni habari nyingine.

Kazi huanzia nyumbani, na kifaa chake ni futi kamba. Kaa kwenye kiti chako, umwombe mtu akupimie. Upana unaotakiwa si ule wa kitako ulioandikwa kwenye risiti. Kiti chenye kitako cha sentimita 45 kwa kawaida hufika 63 hadi 66 kikipimwa kutoka duara la kusukumia la upande mmoja hadi la upande wa pili. Ongeza 4 au 5 za vifundo vya vidole, la sivyo utaacha ngozi kwenye mwimo wa mlango. Pima urefu kutoka ncha ya viatu hadi nyuma ya gurudumu kubwa. Kwa watu wazima wengi ni kati ya 105 na 115, na huo ndio utakaoamua kama lifti itafunga mlango ukiwa ndani. Pima kimo cha kitako mto ukiwa umebonyea chini yako, maana utakilinganisha na kitanda na choo. Kama kiti ni cha umeme, jua pia uzito wake, kwa ajili ya lifti ndogo na mbao za kupandia.

Kuhusu milango, kuna hesabu moja inayowakwaza watu kila mara. Mhudumu akisema mlango wa bafu ni wa sentimita 70, anamaanisha ubao wenyewe. Mlango ukifunguka nyuzi 90, unene wa ubao, kama sentimita 4, unabaki umesimama ndani ya njia, na mwimo wa pili unakula kidogo. Njia halisi inabaki 65 hivi. Kiti chako cha 66 hakipiti, na hakuna aliyekudanganya. Kwa hiyo usiulize mlango ni wa upana gani. Uliza nafasi iliyobaki kutoka uso wa mlango uliofunguliwa hadi mwimo wa pili ni sentimita ngapi. Ikiwa ni 80, viti vingi vinapita bila wasiwasi. Ikiwa ni 75, utapita ukiwa makini. Chini ya hapo, weka namba zako na zao kando kwa kando kabla ya kutoa hata shilingi. Ndani ya chumba, ili ugeuke mzunguko mzima, unahitaji duara la mita 1.5 lisilo na meza, sanduku wala mguu wa kitanda.

Tukija kwenye bei, hoteli ya kawaida kabisa iliyojengwa miaka ya karibuni kando ya barabara kuu mara nyingi hutufaa kuliko hoteli maridadi iliyo ndani ya nyumba ya kale. Katika nchi nyingi jengo jipya hudaiwa na sheria kuwa na vyumba kadhaa vya wenye ulemavu, ilhali la zamani huachwa lilivyo. Ukitafuta London kwa bei ya chini, utaletewa zile nyumba nyembamba za karne ya 19 karibu na Paddington na King's Cross: ngazi kadhaa mlangoni, mapokezi kwenye korido finyu, na lifti ikiwepo inatosha mtu na begi. Kwa pesa zisizopishana sana utapata hoteli ya Premier Inn au Travelodge, makampuni mawili ya hoteli za bei nafuu, mwendo wa basi kutoka hapo, yenye lifti ya kawaida na vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Hata huko usibweteke: baadhi ya vyumba vya wenye ulemavu vya Premier Inn vina bafu la sakafu tambarare, vingine vina beseni la kuogea lililoshushwa. Vyote vimeandikwa chumba cha wenye ulemavu. Taja unachotaka.

Istanbul, mtaa wa kale wa Sultanahmet una hoteli nyingi ndogo za kupendeza, lakini umejaa miteremko na mawe ya barabarani yanayotikisa meno. Deira, mahali wafanyabiashara wetu wanapopenda kulala wakienda kununua mali Dubai, shida si lifti bali beseni la kuogea, kwa sababu hoteli nyingi za zamani ziliweka beseni katika kila chumba. India, kwa wanaompeleka mgonjwa hospitali na kulala nyumba ya wageni ya jirani, mambo yako kinyume: beseni hakuna, bafu lote ni sakafu inayomwagiwa maji, jambo ambalo ni zuri kwetu, lakini kuzuia maji yasitoke hujengwa kizingiti cha sentimita kadhaa mlangoni. Gurudumu dogo la mbele hupanda sentimita 2 bila shida. Kwa 5 unahitaji mtu wa kuinua mbele, na wakati wa kutoka sakafu imelowa.

Wanaokwenda Marekani wana sheria ya wenye ulemavu ya 1990 ya kuwatetea, ila wasome maandishi madogo. Hoteli yenye vyumba 50 au pungufu hailazimiki kuwa na bafu la kuingia na kiti. Kuanzia 51 ndipo chumba kimoja angalau hudaiwa kuwa nalo. Zile moteli ndogo za bei rahisi barabarani zinaweza kuwa zimetimiza sheria na bado usioge. Faida yake ni kwamba tangu 2012 hoteli huko zinatakiwa zieleze kwa kina kilichomo kwenye vyumba hivyo na, ukishakubaliwa, wakutunzie chumba hicho hicho. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza kukutoza zaidi kwa marekebisho ya kadiri unayoyahitaji kwa sababu ya ulemavu. Ukiona chumba cha wenye ulemavu kimewekwa bei ya juu kuliko cha kawaida cha aina hiyo hiyo, uliza kwa adabu kwa nini. Mara nyingi bei hushuka bila mjadala.

Njia mbili za kuokoa pesa ambazo wengi hawazijui. Ya kwanza ni chumba cha familia. Kama vyumba vya wenye ulemavu vimekwisha, lakini mlango wa bafu unapitika, chukua chumba cha vitanda vitatu na uombe kimoja kitolewe kabla hujafika. Nafasi ya kitanda kilichotoka ndiyo duara lako la kugeukia. Ya pili ni mabweni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ambayo mengi hukodishwa kwa wageni wanafunzi wakiwa likizo, hasa Julai hadi Septemba. Mabweni mapya yana vyumba vyenye bafu tambarare, na jikoni juu yake, hivyo unaokoa hata chakula.

Kwenye kutafuta, tumia vichujio lakini usiviamini peke yake. Booking.com inakuwezesha kuchagua bafu la kuingia na kiti, choo kilichoinuliwa, vyuma vya kushikilia na sinki la chini, kila kimoja peke yake. Alama ya jumla ya kiti cha magurudumu huweza kuhusu mlango mkuu tu. Airbnb inaonyesha picha za kila kilichotajwa, kwa mfano mlango usio na ngazi. Baada ya hapo nenda kwenye maoni ya wageni na utafute maneno ya ngazi, lifti na bafu. Mashahidi bora si wenye viti kama sisi, kwa sababu ni wachache. Ni wazee wenye magoti mabovu na kina mama wenye vigari vya watoto. Mama akiandika kwamba alilazimika kukunja kigari ndipo aingie liftini, umeshajua upana wa lifti. Picha za wageni nazo hushinda za hoteli: ile ya hoteli hupigwa kutoka kona ya juu ili bafu lionekane kubwa, na kizingiti cha kioo cha sentimita 10 hupotea kwenye mng'ao wa vigae.

Kisha fungua ramani ya Google, ushuke barabarani kwa picha za Street View, uangalie mlango. Hesabu ngazi. Angalia mwaka wa picha, kwa sababu inaweza kuwa ya zamani. Fuata njia kutoka kituo cha basi au treni hadi mlangoni, kivuko kwa kivuko, ukitazama kama ukingo wa barabara umeshushwa. Mita 300 za mlima zikiwa na mizigo mapajani ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Wheelmap, ramani iliyoanzishwa Berlin 2010, husaidia kwa mikahawa na vyoo vya jirani, hasa Ulaya.

Ukibaki na hoteli tatu au nne, andika. Kiingereza chepesi, sentensi fupi, na mwanzo usioacha mwanya. Kwa maana yake, ujumbe uwe hivi:

"Natumia kiti cha magurudumu muda wote. Siwezi kusimama wala kupanda ngazi hata moja. Kiti changu kina upana wa sentimita 66 na urefu wa 110. Nataka chumba kwa usiku nne. Kabla sijalipa, naomba: idadi ya ngazi kutoka barabarani hadi mapokezi, upana na kina cha lifti kwa ndani, nafasi ya mlango wa bafu ukiwa wazi, kimo cha kizingiti cha bafu, kimo cha kitanda pamoja na godoro, na upande wa choo ulio wazi, kulia au kushoto, mtu akiwa amekaa. Tafadhali nitumieni picha ya bafu iliyopigwa mlangoni."

Kila swali lina sababu yake. Sentensi ya kutosimama ni muhimu kuliko zote, kwani wahudumu wengi wakisikia kiti cha magurudumu humfikiria mzee anayekitumia uwanja wa ndege na kuinuka akifika chumbani. Lifti yenye upana wa 110 na kina cha 140 inakutosha wewe na msaidizi aliyesimama pembeni. Yenye kina cha 100 haikutoshi hata peke yako. Kitanda ni balaa la siku hizi: magodoro yamekuwa manene, na hoteli za biashara zina vitanda vya sentimita 65 hadi 70 wakati kitako chako kiko 50. Kushuka ni rahisi, kupanda ni vita. Uliza kama godoro la juu linaweza kutolewa. Wanaotumia mashine ya kuinulia mgonjwa waulize pia nafasi chini ya kitanda, maana miguu ya mashine huhitaji kama sentimita 15. Na upande wa choo huamua kila kitu kwa mtu aliyepooza upande mmoja. Hoteli zenye vyumba viwili vya wenye ulemavu mara nyingi zimevijenga kimoja kikiwa kinyume cha kingine, kwa hiyo kuuliza tu kunaweza kukupatia kinachokufaa.

Watakuambia hawana futi kamba. Waombe waweke karatasi ya A4 sakafuni, katikati ya mlango wa bafu, na kupiga picha kutoka juu. Karatasi hiyo ni sentimita 21 kwa 29.7 duniani karibu kote, na kila mapokezi yanayo kando ya printa. Ukiipanga kichwani mara tatu kwa upande mfupi unapata 63. Kama karatasi tatu hazienei mlangoni, achana na chumba hicho. Isimamishwe ikiegemea kizingiti, na kimo nacho umekipata.

Majibu yana tabia zake. Linalokuja na namba, hata namba mbaya, ni la hoteli ya kufanya nayo kazi. Linalosema usijali, tutakusaidia, lirudishie swali lile lile mara moja zaidi. Likirudi vile vile, songa mbele. Wakitaja mbao za kupandia ngazi, uliza urefu wake. Mteremko salama ni sentimita 12 za ubao kwa kila sentimita 1 ya kimo, hivyo ngazi moja ya sentimita 17 inadai mita 2 na ushee. Ubao wa mita 1 juu ya ngazi mbili ni mtego wa kuanguka kinyumenyume. Kwa nchi zenye mgao wa umeme, uliza kama jenereta inabeba lifti au taa tu. Mimi huomba ghorofa ya chini au ya kwanza hata palipo na umeme wa uhakika, kwa sababu moto ukizuka lifti haitumiki.

Malipo sasa. Chagua bei inayorudishwa mpaka upate maandishi, hata kama isiyorudishwa ni nafuu kidogo. Kwenye tovuti nyingi, kuandika ombi la chumba cha wenye ulemavu kwenye kisanduku cha maelezo hakukupi chumba, hukupa matumaini. Weka nafasi kwenye aina yenyewe ya chumba ikiwa imeorodheshwa. Kama haimo, pata barua pepe ya hoteli inayotaja kwamba chumba hicho kimefungwa kwa jina lako kwa tarehe zako, na uichapishe. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inafaa kwa kulipia mtandaoni, lakini baadhi ya mapokezi hudai kadi ya mkononi kwa ajili ya dhamana, kwa hiyo beba ya benki. Dhamana hiyo hushikiliwa siku kadhaa baada ya kuondoka. Isije ikawa ndiyo nauli yako ya kurudi Embakasi.

Bei ya chumba peke yake hupotosha. Chumba cha dola 45 mbali na kituo na cha dola 60 karibu nacho vinapishana kwa shilingi 1,950 hivi kwa usiku, dola ikiwa karibu 130. Teksi yenye rampu, kwenda na kurudi, inaweza kumeza tofauti hiyo kabla ya saa nne asubuhi. London hesabu ni ya kirafiki: mabasi ya mji yana rampu na mwenye kiti cha magurudumu hupanda bure, na zile teksi nyeusi zote zina rampu, treni za chini ya ardhi ndizo za kuchunguza, kwa sababu stesheni nyingi bado zina ngazi. Dubai, treni iliyoanza 2009 ina lifti katika kila stesheni, hivyo hoteli ya Deira iliyo karibu na stesheni inaweza kukuokolea teksi za siku nzima. Cape Town, tafuta karibu na vituo vya mabasi ya mji ya MyCiTi, ambako jukwaa liko sawa na sakafu ya basi. Na msaidizi akilala chumba kimoja nawe, mwambie mwenye hoteli mapema: kitanda cha ziada kikiwekwa katikati ya chumba cha wenye ulemavu, chumba hicho si cha wenye ulemavu tena.

Kwenye sanduku, nafasi ya kwanza ni ya futi kamba, bisibisi, spana za kiti, pampu ndogo na tyubu ya akiba, waya wa kuongezea umeme na mkeka wa mpira wa bafuni. Soketi za Uingereza na Dubai ni kama zetu. India, Afrika Kusini na Ulaya bara zinahitaji adapta, na kwa Marekani hakikisha chaja imeandikwa volti 100 hadi 240. Kwa anayejua atakutana na beseni la kuogea, ubao wa kukalia unaolazwa juu ya beseni ni kifaa kinachobadilisha safari. Fundi mbao yeyote mzuri anaweza kuutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, yenye urefu wa kama sentimita 75 na upana wa 30, kingo zikiwa zimelainishwa na kupakwa vanishi ya kuzuia maji. Siri iko chini yake: vipande viwili vya mbao vinavyoweza kusogezwa na kukazwa kwa skrubu ili vibane kuta za ndani za beseni, vyote vikiwa na mpira. Bila vipande hivyo, ubao utateleza wakati uzito wako uko nusu kwenye kiti na nusu hewani. Ujaribu nyumbani na mtu akiwepo. Kwenye beseni la plastiki jepesi usiutumie kabisa.

Kuhusu ndege nitataja machache tu. Omba msaada angalau saa 48 kabla, na utaje alama sahihi: WCHR ni kwa anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC hufikishwa hadi kwenye siti. Ukiandikiwa ya kwanza wakati wewe ni wa mwisho, utafika mlangoni mwa ndege bila kiti chembamba cha ndani kukusubiri. Betri ya lithiamu ya kiti cha umeme inayotoka ina kikomo cha saa-wati (Wh) 300, na hupanda nawe wanapokaa abiria, si kwenye mizigo ya chini. Na usiache kunywa maji siku nzima kwa kuogopa choo cha ndege. Maambukizi ya njia ya mkojo katika mji usiokuwa na daktari wako ni ghali kuliko hoteli yoyote.

Siku tatu kabla ya kufika, piga simu mapokezi, na mchana wa siku yenyewe piga tena. Ndege zetu nyingi hufika usiku au alfajiri, na chumba kikubwa cha chini kilicho wazi saa nne usiku humshawishi mhudumu kumpa mgeni mwingine. Mwambie saa utakayofika na umwombe aandike.

Ukifika, usisaini wala kufungua sanduku kabla hujaingia bafuni na kiti chako. Kikigoma kwa sentimita chache, omba fundi wa hoteli atoe pini za bawaba na kuondoa mlango. Ni kazi ya dakika kumi, unarudishiwa zile sentimita 4, na shuka hutundikwa mahali pake. Kikigoma zaidi, onyesha barua pepe iliyochapishwa na uombe mambo kwa mpangilio huu: chumba kingine hapa, chumba katika hoteli nyingine kwa gharama yao pamoja na teksi, kisha pesa zako. Piga picha ya futi kamba ikiwa mlangoni, kwa kuwa tovuti uliyolipia itataka ushahidi, na maneno peke yake hayatoshi.

Na ukiandika maoni baadaye, andika namba ya chumba. Katika hoteli moja, 104 inaweza kuwa na njia ya sentimita 82 na choo kilicho wazi kulia, na 106 ya jirani, yenye alama ile ile mlangoni, ikawa na beseni la kuogea.